Mkanda wa kumnyanyulia mbwa aliyepasuliwa goti: fundi cherehani anaupa nyota tatu

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asinisubiri: mkanda huu wa kumnyanyulia mbwa miguu ya nyuma unafanya kazi, ila aliyeuchora hajawahi kumwona mbwa dume akikojoa. Nyota tatu kati ya tano. Ungepata nne kama mishikio yake ingekuwa mirefu. Mnunuzi asiye na cherehani nyumbani auhesabie mbili.

Mimi ninayo. Ni fundi wa nguo Kawangware: sare za shule mwezi wa kwanza, magauni ya harusi Agosti na Disemba, na katikati ni kupunguza suruali za mitumba kiunoni. Kitu kilichoshonwa kikinifikia mkononi nakipindua kwanza nione ndani, halafu ndipo nasoma kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mbwa mwenyewe ni Sururu, dume aliyehasiwa, kilo 31, rangi ya mchanga. Tulimchukua kwenye makao ya wanyama ya KSPCA kule Karen akiwa mbwa mzima tayari, na jina alijipatia kwa kulichimba lango letu kwa chini hadi mwenye nyumba akatuma ujumbe. Maisha yake ya awali hakuna aliyeyajua. Ila shingoni alikuwa na alama ya waya, na mtu akimjia kwa nyuma analala chini na kujikojolea. Mkanda wenyewe huvalishwa kwa nyuma, ndiyo maana nalitaja hili mapema.

Goti lilianza kwa kuchechemea asubuhi. Akiamka mguu hautui, akizunguka kidogo unatua. Akikaa, badala ya kuukunja mguu wa kulia chini yake, anautoa nje kando. Daktari wa mifugo alimpa dawa ya kumlegeza, akashika paja kwa mkono huu na muundi kwa mkono huu, akausukuma muundi, ukateleza mbele mbele ya macho yangu. Kano imekatika, akasema, na eksirei ikaonyesha goti limejaa maji. Alinieleza kwamba kwa mbwa kano hiyo kwa kawaida haikatiki kwa kishindo kimoja. Inachakaa polepole, uzi baada ya uzi, hadi siku ambayo mbwa anaruka tu ngazi moja na uzi wa mwisho unaachia. Tena mbwa aliyeumia upande mmoja, karibu nusu yao huja kuumia na upande wa pili. Kwa hiyo unapomhudumia unalinda magoti mawili.

Alifanyiwa ule upasuaji unaoitwa TPLO, ulioanzishwa na daktari Barclay Slocum wa Oregon, Marekani, na kuelezwa kwa madaktari wengine mwaka 1993. Nilipoambiwa kano yenyewe haishonwi nilishangaa, kisha nikaelewa haraka kuliko wateja wengi wanavyoelewa kwa nini koti linawabana. Kichwa cha mfupa wa muundi wa mbwa kimeinama kuelekea nyuma, kama digrii 25 hivi. Kila akikanyaga, paja linataka kuteleza kwenye huo mteremko, na kano ndiyo inayolizuia. Kano ikiisha, daktari anakata kile kichwa cha mfupa kwa msumeno wa duara, anakizungusha hadi mteremko unabaki digrii tano au karibu na hapo, kisha anakifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Hatii kiraka palipochanika. Anabadilisha mkato wa nguo nzima. Gharama yake siiandiki hapa. Binti yangu aliye Doha alitoa sehemu kubwa, na mama watoto husoma mitandaoni.

Kwa kuwa mfupa umekatwa, baada ya hapo unamhudumia mbwa mwenye mguu uliovunjika. Wiki nane za kutokimbia, kutoruka, kutopanda kochi, kutocheza na mbwa wa jirani, hadi eksirei ionyeshe mfupa umeunga. Wiki mbili za kwanza anatoka nje kwa ajili ya haja tu, kwa kamba fupi. Na mbwa wa kilo 31 mwenye miguu mitatu kwenye vigae vinavyoteleza anahitaji kushikwa. Hapo ndipo mkanda unapoingia.

Niliuagiza kwenye duka moja la mtandaoni kwa shilingi 3,500, na uliletwa kwa bodaboda siku iliyofuata. Jina la duka nalihifadhi, maana muuzaji alinijibu kwa adabu hata alipokataa kunibadilishia. Ni kitambaa cha nailoni kizito, urefu sm 75, upana sm 20, ndani kimetiwa sponji nyembamba na bitana ya manyoya bandia. Kinapitishwa chini ya tumbo mbele ya mapaja, kinafungwa juu ya mgongo kwa velkro, na kina mishikio miwili ya mkanda wa begi. Nailoni ni nzuri, sina neno. Nimeivuta kwa mshazari, haikufunguka hata uzi.

Sasa saizi. Duka linauza S, M, L na XL, na jedwali lake linakwenda kwa kilo. Kilo! Nani amewahi kushona suruali kwa kilo? Mbwa wa kilo 31 anaweza kuwa mrefu mwenye kiuno chembamba au mfupi mwenye tumbo la mbunge. Vipimo vinavyotakiwa ni viwili: mzingo wa tumbo mbele ya mapaja, na umbali kutoka mgongo wa mbwa hadi kiganja cha mtu aliyesimama wima. Sururu mzingo wake ni sm 61. Jedwali lilisema L, na hiyo L ikamzunguka ikabakiza, pande mbili zikapandana mgongoni na velkro ikashika upande mmoja tu. Mishikio nayo ni ya sm 30 na hairefushwi. Mimi ni mtu mrefu. Kumpeleka mbwa kukojoa alfajiri nikiwa nimeinama hivyo, nilikuwa narudi ndani nikiwa mgonjwa wa pili.

Mishono: kila mshikio umeshikizwa kwa mistari miwili iliyonyooka. Sehemu inayobeba uzito hushonwa mraba wenye msalaba ndani yake, kama unavyoona kwenye mikanda ya mabegi ya shule yanayodumu. Mstari ulionyooka ukianza kufumuka unafumuka wote. Haukufumuka, sikuungoja ufumuke, niliurudia siku ileile kwa uzi wa nailoni. Lakini mtu analipa shilingi 3,500 ili amnyanyue mbwa aliyetoka kukatwa mfupa, na kwenye kipande hicho ndipo mtengenezaji alipookoa senti.

Bitana ya manyoya inapendeza kwenye picha. Kwa mbwa inachemsha, inanasa nywele, na ikilowa mkojo haikauki hadi jioni. Na italowa. Mbwa jike anakojoa nyuma ya mkanda bila shida, lakini kwa dume kitambaa cha upana wa sm 20 kinafunika kila kitu kinachohusika. Mara ya kwanza Sururu alikojoa ndani ya mkanda, akaniangalia, nami nikamwangalia.

Hayo yote yanarekebishika. Jambo lililokaribia kuufanya mkanda huu usiwe na maana kwetu ni velkro. Ile sauti yake ya kuchanika, karibu na mgongo, kwa mbwa ambaye hajui nani amesimama nyuma yake! Alijirusha mbele kwa miguu yote minne, na mguu mmoja kati ya hiyo ulikuwa na skrubu ambazo hazijamaliza hata wiki. Kama mbwa wako ametoka makao ya wanyama na hujui alipitia nini, nunua wenye bizimu za plastiki, zile zinazolia tak mara moja na kunyamaza. Pakiti haisemi chochote kuhusu mbwa mwoga. Imechorwa mbwa wa rangi ya dhahabu anayecheka.

Niliuweka chini sakafuni siku kadhaa bila kumvalisha, nikamwagia omena juu yake. Alikula akisimama mbali na kunyoosha shingo. Baadaye akala akiwa ameukanyaga. Kisha nikawa naupitisha chini ya tumbo nikiwa nimekaa mbele yake, mahali anaponiona, mke wangu ndiye akishika upande wa pili, omena ikiendelea. Hatukuwahi kuufunga kabla hajatikisa mkia. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi za wanawe alisimama mlangoni akatazama, akauliza, "Fundi, sketi zangu hazijaisha, na wewe unamlisha mbwa samaki?" Sketi zilikuwa tayari. Zilikuwa zimetundikwa nyuma yake.

Nilichofanyia mkanda ni hiki. Niliing'oa velkro nikatia bizimu mbili nilizonunua kwa wauza vifaa vya mabegi River Road. Nikaukata urefu ubaki sm 58. Upande wa mbele, katikati, nikatoa nusu duara na kuipinda kwa utepe laini, sasa dume anakojoa bila kuhitaji mwavuli. Bitana ya manyoya nikaitupa, nikashona ya kitambaa cha fulana kuukuu inayofungwa kwa vifungo, ziwe mbili, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iko kwa mbwa. Mishikio nikairefusha hadi sm 55 na kuitia bizimu ya kupunguzia, kwa sababu mke wangu ni mfupi. Vifaa vyote havikuzidi shilingi 600. Mtengenezaji akiyafanya haya kiwandani yatamgharimu chini ya hapo, na mimi nitampa nyota tano hapahapa.

Namna ya kuutumia, ambayo pia pakiti haisemi: mkanda si wa kumbeba mbwa. Ukimnyanyua miguu ikaning'inia, anajifunza kwamba mguu ule hauna kazi, na atakaa akiukunja wiki nzima. Unachukua sehemu tu ya uzito, kiasi cha kidole cha mguu kugusa chini. Mkono mmoja kwenye mkanda, mwingine kwenye kamba ya shingo, na mwendo wa maiti. Ukitembea polepole analazimika kuukanyaga mguu. Ukienda haraka anaruka kwa mitatu. Kwenye ngazi mbili za mlangoni petu ndipo mkanda ulipolipa pesa yake yote. Kitambaa kisiguse kidonda cha gotini, na baada ya kila safari kitolewe, kisimkae mwilini kutwa.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini usitumie leso, yaani kanga? Swali zuri, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo vya mbwa aliyekuja nyumbani alianza na hilohilo. Leso iliyokunjwa mara nne kwa urefu inamshika mbwa wa kilo kumi na tano vizuri kabisa, na ukiwa nayo usitoe shilingi 3,500 kwa mtu yeyote. Kwa mbwa mzito leso inajikunja inakuwa kamba, inamkata tumboni, na viganja vyako vinateleza. Taulo la kuogea ni afadhali. Lakini kwa kilo 31, mara nne au tano kwa siku, mkono unataka mshikio.

Vitu vingine nitavipitia upesi. Koni ya plastiki ya hospitalini, ile anayovishwa shingoni, ni mbaya, ina kelele, imenigonga miguuni kila saa, na ni lazima, maana mbwa akilamba mshono siku mbili tu mnarudi na usaha. Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne, na koni hapo ndipo inapokwenda. Mikeka ya sponji ya watoto, ile yenye meno ya kuunganisha na picha za herufi, ni nyota tano. Niliitandika kutoka kitandani kwake hadi mlangoni juu ya vigae, na bila hiyo mkanda wowote ni bure. Wanaouza Gikomba wanakupa ya mitumba kwa bei ya kusemezana. Uzio wa mbao wa kumzuia pembeni alinitengenezea seremala jirani kwa mbao za paleti. Niliuweka chini ya meza yangu ya kukatia, na Sururu aliupenda pale kwa sababu mgongo wake ulikuwa ukutani na hakuna wa kumjia kwa nyuma. Wateja waliomwogopa siku zote walianza kumsalimia.

Barafu: mfuko wa minji zilizogandishwa, uliofungwa kwenye taulo, dakika kumi na tano, siku za mwanzo. Haina chapa na haina cha kukosoa.

Kuhusu mikanda ya goti ya mbwa, ile inayovishwa kwenye mguu na kuahidi kuponya kano bila upasuaji, nimeletewa mmoja na mteja aliyetaka niunakili. Nilikataa kazi hiyo. Paja la mbwa ni pana juu na jembamba chini, kila utakachofunga hapo kinashuka hadi kwenye kisigino, na ukikaza kisishuke kinachubua ngozi. Nimeshona vitu vingi vya kipuuzi kwa pesa, lakini kile kingerudishwa.

Huduma ambayo naisifu bila masharti ni ya huyo mtaalamu wa mazoezi. Alitoza shilingi 2,500 kwa ziara na nauli. Siku ya kwanza hakumgusa mbwa kabisa. Alikaa sakafuni kwenye mikeka ya herufi, akampa mgongo, akaongea nami kuhusu bei ya vitenge hadi Sururu alipokuja mwenyewe kumnusa. Ziara iliyofuata akakunja na kukunjua goti taratibu, mbwa akiwa amelala ubavu, akisimama pale misuli inapokaza. Baadaye akachukua rula zangu za mbao za yadi, akaziweka juu ya makopo mafupi ya rangi, akampitisha juu yake hatua kwa hatua. Mbwa akivuka kitu anainua goti na kulikunja bila kujua kwamba anafanyishwa kazi. Kisha kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, upande mbaya ukiwa ukutani ili asiutoe mguu nje.

Na alinipa kazi iliyonipendeza mno: kupima paja kwa tepu, mahali palepale, kila wiki. Nani mwingine angeifanya vizuri hivyo? Nilitia alama kwa chaki ya kukatia. Mguu mzima ulikuwa sm 41, uliopasuliwa sm 36. Misuli huisha haraka hivyo mguu usipotumika. Tulipopiga eksirei ya wiki ya nane ulikuwa umefika sm 39 na nusu. Daftari lile la vipimo liko pamoja na la wateja, na jina lake limeandikwa juu kama la mtu anayedaiwa suti.

Dawa ni jambo moja tu nitakalolisema, kwa sababu jirani alilileta kwa nia njema. Alikuja na Brufen. Usimpe mbwa Brufen, wala diklofenaki, wala Panadol kutoka duka la dawa la kona. Brufen inamtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Dawa za maumivu za mbwa zipo, Sururu alikuwa na kaprofeni na gabapentini, kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa na daktari. Maumivu yakizidi unampigia daktari simu.

Chakula nacho kilipunguzwa. Mbwa anayelala kutwa hahitaji ugali wa mbwa anayelinda duka, na kila kilo inayoongezeka inakaa juu ya goti. Tulitoa ugali, tukatia karoti na boga la kuchemsha. Alinuna. Majirani waliendelea kumpitishia chapati kwenye mwanya wa mlango hadi nilipobandika tangazo.

Basi, ununue au usinunue? Mbwa akiwa chini ya kilo kumi na tano, chukua leso. Akiwa jike mzito asiyeogopa sauti, nunua huu, agiza saizi moja chini ya inayotajwa na jedwali, na umpelekee fundi yeyote mtaani kwako akurudishie mishono ya mishikio kwa mraba na msalaba. Asikutoze zaidi ya mia mbili. Akiwa dume, kabla ya kununua muulize muuzaji kama una mkato wa mbele. Asipoelewa swali, mkanda hauna. Akiwa mbwa mwoga, wenye velkro usiuguse hata ukipewa bure.

Wa kwetu tayari umepelekwa Karen, kwa ajili ya mbwa atakayeuhitaji, pamoja na bitana zote mbili. Nimeushonea kitambulisho ndani, kwa herufi kubwa na uzi mwekundu: MZINGO SM 56 HADI 64. NUSU DUARA NI MBELE. OMENA KWANZA.